Mahali pa Kukosea: Historia ya Uigaji wa Mitandao na Usalama wa Mifumo Pepe kwa Mtazamo wa Mlali, Wilaya ya Kongwa

1.0 Utangulizi

Mlali ni kata ya Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, na haipaswi kuchanganywa na Mlali nyingine iliyopo Mvomero, mkoani Morogoro. Wakazi wake, wengi wao wakulima na wafugaji, ni nadra kutajwa katika maandiko ya sayansi ya kompyuta. Hata hivyo, maisha yao yamefungamana na mitandao ambayo mitambo yake iko mbali na macho yao. Mkulima anayetaka kujua bei ya mahindi katika soko la Kibaigwa hupiga simu. Anayelipia huduma ya Serikali hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo kutoka katika mfumo mmoja wa taifa. Laini ya simu yenyewe husajiliwa kwa alama za vidole zinazolinganishwa na kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Mfumo wowote kati ya hiyo ukikwama au ukidukuliwa, athari hufika Mlali hata kama hakuna fundi yeyote aliyekosea Mlali.

Huduma za namna hii, popote duniani, siku hizi huendeshwa kwa kawaida katika mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na umbo la chuma zinazoishi kwa wingi ndani ya kompyuta moja halisi, zikigawiwa kumbukumbu na nguvu ya uchakataji na programu msimamizi iitwayo haipavaiza. Teknolojia hiyohiyo imezaa mbinu ya kitafiti inayoitwa katika makala hii uigaji wa mtandao. Uigaji si mfano wa kihesabu. Katika mfano wa kihesabu, ruta na seva huwakilishwa na kanuni tu. Katika uigaji, programu halisi huendeshwa na pakiti halisi hupitishwa, lakini njia zinazounganisha mashine ni za kutengenezwa: mtafiti huamua ucheleweshaji, upotevu na upana wa njia anaoutaka.

Swali linaloongoza makala hii ni la kihistoria: binadamu wamejifunzaje kutafuta mahali salama pa kukosea kabla ya kukosea mahali pasiposameheka? Hoja ya makala ni mbili. Kwanza, uigaji wa mitandao ulizaliwa kutokana na gharama ya makosa yaliyofanywa katika mifumo iliyo hai. Pili, jaribio dogo halitoshi kwa kuwa dogo. Ni lazima libebe hali halisi ya mahali ambapo matokeo yake yatatumika. Hoja hii ya pili inapata ushahidi wake wa kwanza si katika maabara ya kompyuta, bali katika ardhi ya Kongwa yenyewe.

2.0 Kongwa: jaribio lililofanywa kwa ukubwa kamili

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki na ya Kati. Ujumbe huo ulitumia wiki 9, na sehemu kubwa ya nchi ulikaguliwa kutoka angani. Taarifa yake ilipendekeza mashamba ya zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa yakiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ilianza Kongwa, na baadaye ikakabidhiwa shirika la umma la Uingereza, Overseas Food Corporation.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takriban 7,500. Vichaka vya Kongwa viliwashinda matrekta yaliyotokana na masalia ya vita. Mchanga mkali uliomo katika udongo ulisaga majembe, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka uligeuka mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka. Mvua, ambayo takwimu zake za miaka mingi hazikuwepo kwa kiwango cha kuaminika, haikufuata matarajio ya wapangaji. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo kama ulivyobuniwa na kufuta zaidi ya pauni milioni 36.

Wanahistoria wametaja sababu nyingi za anguko hilo, zikiwemo siasa za London, uongozi na vipuri. Kwa madhumuni ya makala hii sababu moja ndiyo yenye uzito: hapakuwa na shamba la majaribio lililotangulia mpango mkubwa. Kongwa nzima ilifanywa maabara, na kosa ambalo lingeonekana katika ekari 100 lilionekana katika maelfu. Aidha, maarifa ya Wagogo na Wakaguru kuhusu mvua zisizotabirika za nchi hiyo, ambayo yangeweza kuwa takwimu ya kwanza ya jaribio lolote, hayakuingizwa katika hesabu. Ni vyema kukumbuka kuwa karanga si mgeni asiyefaa Dodoma. Wakulima wadogo wanaendelea kuzilima hadi leo. Kilichoshindwa si zao, bali ni namna ya kujaribu.

3.0 Mashine ndani ya mashine, na mwaka 1974

Wazo la kuweka mashine ndani ya mashine lina umri mkubwa kuliko intaneti. Katikati ya miaka ya 1960, wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walitengeneza mfumo wa CP-40, kisha CP-67, uliomfanya kila mtumiaji aone kana kwamba ana kompyuta nzima ya peke yake. Mwaka 1972 IBM ilitoa VM/370 kwa wateja wake. Moja ya manufaa yaliyoonekana mapema ni kwamba fundi aliweza kujaribu mfumo endeshi mpya ndani ya mashine pepe huku kazi za kila siku zikiendelea katika mashine ileile. Jaribio likianguka, lilianguka peke yake.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti rasmi ambayo kompyuta inapaswa kuyatimiza ili iweze kubeba mashine pepe kwa ufanisi na kwa usalama. Sharti mojawapo ni la usimamizi: programu iliyomo ndani isiweze kugusa rasilimali yoyote ambayo msimamizi hakuigawa. Kwa lugha nyepesi, ukuta kati ya chumba na chumba uwe kamili.

Mwaka huohuo, historia ya Tanzania ilichukua mkondo tofauti. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya matatizo makubwa ya kuhamishia hesabu za Serikali katika kompyuta, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Ulinganifu wa tarehe hizi mbili usitiliwe chumvi. Hakuna uhusiano wa chanzo na matokeo kati yake. Hata hivyo, unaonesha jambo moja. Palipokuwa na mahali pa kujaribia, kosa lilizaa maboresho. Palipokosekana mahali hapo, kosa lilizaa katazo. Nchi isiyo na chumba cha kukosea hulazimika kuchagua kati ya kuthubutu kwa hasara na kutothubutu kabisa.

4.0 Kutoka mnyoo wa 1988 hadi mtandao ndani ya kompyuta mpakato

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia katika intaneti programu inayojinakili yenyewe. Kwa maelezo yake hakukusudia kuharibu. Lakini kanuni iliyopaswa kupunguza kasi ya kujinakili iliwekwa kwa kiwango kibaya, na mashine zilizoshambuliwa zilizidiwa na nakala hadi zikasimama. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mashine 6,000 kati ya takriban 60,000 zilizokuwa zimeunganishwa wakati huo. Morris alitiwa hatiani mwaka 1990 chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1986. Kama ilivyokuwa Kongwa, tatizo halikuwa swali lililoulizwa, bali mahali pa kuliuliza. Kosa la namba moja, ambalo lingegunduliwa kwa mashine 10 zilizotengwa, liligunduliwa na intaneti nzima.

Katika miaka iliyofuata watafiti walianza kujenga mahali pa kuuliza. Mwaka 1997 Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa alichapisha kuhusu dummynet, chombo kilichowekwa ndani ya mfumo wa FreeBSD ili kuzuia pakiti kwa muda fulani, kuzidondosha kwa kiwango fulani, na kubana upana wa njia. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha maelezo ya Emulab, mkusanyiko wa kompyuta ambao mtafiti aliweza kuupanga upya kuwa mtandao wowote anaoutaka. Juu ya msingi huo ulijengwa mradi wa DETER, ulioanza kutumika mwaka 2004, ambao lengo lake lilikuwa usalama moja kwa moja: minyoo na mashambulizi ya kuzidiwa yaweze kuachiwa ndani ya uzio bila kutoroka. Mwaka 2005 Stephen Hemminger alieleza netem, chombo cha aina ileile kilichomo ndani ya kiini cha Linux.

Wakati huohuo mashine pepe zilitoka katika kompyuta kubwa na kuingia katika kompyuta za kawaida. Kampuni ya VMware iliundwa mwaka 1998. Xen ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2003. KVM iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2007. Mwaka 2010 Bob Lantz, Brandon Heller na Nick McKeown walichapisha kuhusu Mininet, programu huria inayoweza kuunda mtandao wa makumi au mamia ya mashine ndani ya kompyuta mpakato moja. Kwa vyuo visivyo na fedha za kununua ruta na swichi kwa ajili ya mafunzo, hili lilikuwa badiliko kubwa kuliko linavyoonekana kwenye karatasi.

Mfano mmoja unatosha kuonesha kazi ya vyombo hivi. Kabla ya nyaya za baharini kufika, mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na dunia yalitegemea sana setilaiti. Setilaiti ya aina hiyo huwa karibu kilometa 36,000 juu ya ikweta. Pakiti inayopanda na kushuka husafiri takriban kilometa 72,000, na jibu lake husafiri umbali huohuo. Hivyo, hata kwa kasi ya mwanga, mzunguko mmoja huchukua karibu nusu sekunde. Kwa netem, mtafiti huandika amri ya mstari mmoja na kuipa njia ya maabara ucheleweshaji huo. Papo hapo anaweza kuona kama mfumo wa kuhakiki nywila unavumilia kungoja, au unakata tamaa na kumtaka mtumiaji aanze upya. Akiongeza upotevu wa pakiti, anaona zaidi: mifumo mingine, ikikosa jibu la seva ya uhakiki, hufunga mlango, mingine huuacha wazi. Hapo suala la kasi limegeuka suala la usalama.

5.0 Ukuta wenye ufa

Ingekuwa kosa kuisimulia historia hii kana kwamba ni ya ushindi mtupu. Uzio wa maabara na ukuta wa seva za uzalishaji ni kitu kimoja, yaani haipavaiza, na haipavaiza ni programu iliyoandikwa na watu. Mwaka 2006 Joanna Rutkowska alionesha mbinu aliyoiita Blue Pill, ambapo mdukuzi huingiza msimamizi wake chini ya mfumo unaoendelea kufanya kazi, na mfumo huo ukageuka mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe bila kujua.

Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM. Ilikuwa katika programu ya QEMU, katika sehemu inayoiga kidhibiti cha diski za flopi. Sehemu hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 10, na diski zenyewe zilikuwa zimekwishaachwa na karibu kila mtu. Hata hivyo, kidhibiti kiliendelea kuwekwa katika mashine pepe, na kupitia hapo mshambulizi aliyemo ndani ya mashine moja angeweza kutoka na kuifikia kompyuta mwenyeji pamoja na mashine za jirani. Januari 2018 zikafuata kasoro za Meltdown na Spectre, ambazo hazikuwa katika programu bali katika vichakataji vyenyewe: kazi zinazofanywa kwa kubashiri, kisha kutupwa, huacha alama zinazoweza kusomeka na asiyestahili. Sharti la Popek na Goldberg lilikuwa limetimizwa katika maelezo ya mashine, lakini si katika mwenendo wake wa ndani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mifumo pepe methali hii ina maana ya moja kwa moja. Nyufa hizi zilizibwa kwa masahihisho, lakini kwa wale tu waliosahihisha. Funzo la kihistoria ni kwamba mashine pepe hupunguza gharama ya kosa bila kuifuta, na kwamba mtafiti anayeachia programu hasidi katika kompyuta inayobeba pia kazi halisi za taasisi amejenga maabara yake ndani ya ghala la nafaka.

6.0 Dodoma: sheria, taasisi na pengo la vipimo

Mwaka uleule wa VENOM, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Sheria hiyo inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa, kuingilia data na mifumo, na hata kumiliki isivyo halali kifaa au programu iliyokusudiwa kutenda makosa hayo. Maoni juu ya sheria hii ni mengi, na si shabaha ya makala hii kuyapima. Linalohusu hapa ni kwamba mwanafunzi wa usalama wa mtandao nchini hana uhalali wa kujifunzia shambulizi katika mfumo wa mtu mwingine asiyempa ruhusa. Maabara iliyoigwa ni njia nafuu na, kwa wengi, ndiyo njia halali waliyo nayo. Uigaji umekuwa sharti la elimu.

Taasisi za kuubeba utafiti huo zipo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 na kina ndaki inayofundisha TEHAMA. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT. Wakala ya Serikali Mtandao iliyoanza mwaka 2012 ilifanywa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Kuhamia kwa Serikali Dodoma, kulikotiliwa mkazo kuanzia mwaka 2016, kumezidi kuusogeza uwanda wa kati kwenye kiini cha mifumo ya taifa. Mlali, kwa maana hiyo, imekuwa jirani wa makao makuu, ingawa ujirani wa kilometa si ujirani wa mtandao.

Tukio la tarehe 12 Mei 2024 linathibitisha hilo. Siku hiyo nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika vibaya. Cable ya SEACOM ilipofika mwaka 2009 ilikuwa imeiondolea nchi utegemezi wa setilaiti. Miaka 15 baadaye hitilafu ya chini ya bahari ilionesha kuwa utegemezi ulikuwa umebadilika sura, haukutoweka. Hali ya namna hiyo inaweza kuigwa: njia mbili zikatwe, mzigo uhamishiwe njia iliyobaki, na mtafiti atazame ni huduma zipi za ndani ya nchi zinakwama bila sababu kwa kuwa zinategemea jina, cheti au saa iliyopo ng'ambo.

Lakini hapa ndipo Kongwa inaporudi. Mtafiti anayeiga mtandao wa Tanzania kwa vipimo vilivyochukuliwa katika vyuo vya Ulaya anafanya alichofanya ujumbe wa mwaka 1946: anaitazama nchi kutoka angani. Ucheleweshaji wa wastani hausemi lolote kuhusu saa ambazo umeme haupo na mnara unaishi kwa betri. Upotevu wa pakiti unaogawanywa sawasawa haufanani na mtandao unaopotea kwa dakika 10 kisha ukarudi. Kifaa kimoja kwa mtumiaji mmoja ni dhana ya mjini. Simu inayotumiwa na watu kadhaa wa kaya moja inabadilisha maana ya nywila na ya siri. Na shambulizi lililozoeleka zaidi kwa mwananchi, ujumbe mfupi unaomtaka atume ile hela kwa namba nyingine, halivunji haipavaiza yoyote. Linapita katika mtandao uliosalimika, likielekea kwa mtu.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba tafiti za uigaji zinazofanywa Dodoma zianze na vipimo vya kata: katika shule, zahanati na ofisi za vijiji, kwa misimu yote miwili, ya masika na ya kiangazi. Vipimo hivyo vikusanywe kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa kuwa rekodi ya pakiti inaweza kufichua nani aliwasiliana na zahanati na lini. Kisha vihifadhiwe wazi, vikiwa vimeondolewa utambulisho, ili mtafiti wa pili asilazimike kuanza upya. Aidha, maabara ya mashambulizi itengwe kwa kompyuta zake, si kwa mashine pepe peke yake.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba historia ya uigaji wa mitandao ni historia ya kutafuta mahali pa kukosea: kutoka VM/370, kupitia funzo la mnyoo wa 1988, hadi mtandao unaoingia katika kompyuta mpakato. Imeonesha pia kwamba mahali hapo hapana usalama wa kudumu, kwa sababu ukuta wa mashine pepe umewahi kupasuka na utapasuka tena. Zaidi ya hayo, imedai kwamba uigaji usiobeba vipimo vya mahali hauwezi kuitwa jaribio la mahali hapo.

Mpango wa karanga uliacha Kongwa ardhi iliyofyekwa na deni lililolipwa na walipa kodi wa mbali. Mfumo wa kidijitali ukishindwa hauachi visiki vinavyoonekana. Huacha mgonjwa aliyerudishwa kwa kuwa kumbukumbu hazifunguki, au mzee ambaye fedha zake zimehama. Gharama hiyo hulipwa papo hapo, na hulipwa Mlali. Ndiyo maana inafaa Mlali iwepo katika jaribio kabla ya kuwepo katika matokeo.